Siku ya Binti Yangu Ilianzia Zizini

Nianze na wanawake wa kisimani, maana hasira yao bado ninayo. Kila nilipofika pale na binti yangu, naye akaanza kupanda mti, kumwaga ndoo ya mtu, kukimbiza bata wa watu, kurudi, kuuliza swali na kuondoka kabla ya jibu, mmoja wao angevuta mdomo na kusema kwa sauti ya kutaka nisikie: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mwenzake angedakia: na mchelea mwana kulia, hulia yeye. Mimi mdomo sikunyimwa. Nilikuwa nawajibu, "Njooni mmlee nyie wiki moja tu, halafu mnisomee hizo methali vizuri." Hakuna aliyekuja.

Mimi ni fundi cherehani. Nimeolewa kijiji kimoja cha Tarime, upande wa kuelekea Nyamongo, ambako mtu akichoka na jembe anashika sururu akachimbe dhahabu. Watoto wangu waliokua ni wawili: kijana wa kwanza, na baada ya miaka mingi ya kuzika na kukata tamaa, huyu binti. Alitembea mapema, na tangu siku ile hakusimama tena. Chakula alikula akizunguka meza. Nguo alivaa mguu mmoja, akasahau wa pili, akatoka nje hivyo hivyo. Ukimtuma chumvi dukani, alirudi na kijiti, au na mbwa, au hakurudi, ukamkuta kwa jirani anachungulia wanavyochuna mbuzi. Mama mkwe wangu, kabla hajafariki, alisema mtoto alipewa jina la marehemu asiyefaa, tukachinja mbuzi tukambadilishia jina. Tulikula nyama, mtoto akabaki vile vile.

Alipofika darasa la tatu mwalimu mkuu akaniita. Alinieleza kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha. Alisema darasa lina watoto wengi, mwalimu ni mmoja, na huyu wangu anatoka nje kama anavyotaka, akibaki ndani anazuia wenzake. Kama hali itaendelea hivi, nimtafutie pengine. Nilipomweleza mume wangu jioni, hakuhangaika hata kuacha kutafuna. "Wakimchoka, ataenda kwa dada yangu Robanda," alisema. "Mahindi yao yanaliwa na tembo na nyani kila msimu. Kupiga kelele na kukimbia anaweza, kazi ndiyo hiyo." Akacheka peke yake.

Robanda iko mbali, wilaya ya Serengeti, mpakani kabisa na hifadhi. Nilijua mtoto wa kike anayepelekwa kwa shangazi kufukuza wanyama harudi shule. Atakua pale, ataolewa pale. Kuanzia siku ile nikawa na jambo moja tu kichwani: binti yangu alale kwangu, asome, afike darasa la nne na mtihani wake aufanye. Sikutaka awe daktari. Nilitaka abaki.

Nikampeleka hospitali Tarime mjini. Walituzungusha dirisha hadi dirisha mpaka tukamfikia nesi mmoja wa kutoka mikoa ya kusini, mama wa makamo, Kiswahili chake kimenyooka mpaka nikaona aibu ya hiki changu cha kuchanganya na Kikurya. Alimwangalia mwanangu akifungua kila droo ya meza yake, wala hakumkemea. Akataja ugonjwa wenyewe kwa herufi nne za Kizungu, nilizishika mpaka stendi, zikapotea. Lakini maneno mengine hayakupotea.

"Mama, huyu hana kiburi," aliniambia. "Ukimwambia nawa, vaa viatu, chukua begi, yeye anabaki na nawa tu, mengine yanamwagika njiani. Dawa zake hapa hatuna, na hata zikiwepo, peke yake hazitoshi. Mpangie siku. Leo ifanane na jana. Sema neno moja, kitu kimoja. Akimaliza, kingine."

Nilicheka, jamani. Siku ifanane na jana, kwenye mji wa Mkurya! Kwetu siku ni ya yeyote anayeingia uani. Umebandika uji, anatokea mgeni, uji unakuwa ugali. Umemwambia mtoto akae asome, baba yake anaita lete maji, shika mbuzi yule, kaniitie fulani. Yowe likipigwa ng'ombe wa mtu wameibiwa, mji mzima unatoka mbio na sufuria inaungua. Nesi akasubiri nimalize kucheka. Akasema, "Tafuta kitu kimoja ambacho hakihami, ufunge siku yake hapo."

Nilitafuta. Nikatega simu ilie alfajiri. Nikaja kuikuta ndani ya ndoo ya maji, imenyamaza jumla. Nikachora picha ukutani kwa chaki: jua, kikombe, sare, begi. Alichora ng'ombe juu yake, wengi, mpaka ukuta ukajaa. Nilikuwa nimekaa mbele ya huo ukuta nikilaani mchana kutwa, na jibu liko mbele ya macho yangu, sikuliona.

Nililiona asubuhi ambayo kaka yake aliamka na homa. Kukamua ilikuwa kazi yake. Mimi nilikuwa na sare za watu za kumalizia, nikamwambia binti, kwa kukata tamaa tu, aingie zizini. Nikajihesabia kwamba maziwa ya leo yamekwenda. Alipokawia nikaenda kuchungulia. Alikuwa amechuchumaa kwa yule ng'ombe mwekundu, ameegemeza paji la uso tumboni kwake, mikono inakwenda, na maziwa yanalia ndani ya kibuyu. Hakugeuka. Kuku alipita, hakugeuka. Mtoto ambaye hajawahi kumaliza bakuli la uji alikamua mpaka tone la mwisho, akamfungulia ndama, akasimama, akanipa kibuyu.

Basi nikaifunga siku yake kwa yule ng'ombe. Asubuhi, kukamua. Akitoka zizini, neno langu lilikuwa "miguu," ananawa miguu. Halafu "uji." Halafu "sare." Halafu "begi." Sikusema hata "haya mwanangu fanya haraka," maana maneno ya ziada yalimvuruga. Jioni akirudi anavua sare kabla ya kuvuka kizingiti, anampelekea ng'ombe maji, anakamua, anatoa kupe, halafu anakaa pale pale mlangoni pa zizi na daftari lake, ng'ombe anacheua nyuma yake. Pengine popote asingeandika hata mstari. Hapo aliandika.

Msidhani ilikuwa raha. Ukiruka kitu kimoja, siku yote ilianguka. Akikosa uji hakuvaa sare, asipovaa sare alitoka na chupi mpaka barabarani. Msiba ukitokea jirani, watu wakajaa uani, tulianza upya kama vile hatukuwahi kuanza. Mume wangu nilipigana naye vita vya mdomo mpaka jirani wakawa wanakuja kusikiliza: usimwite akiwa anakamua, usimtume akiwa ananawa, subiri. "Mimi nisubiri mtoto? Kwenye mji wangu?" Lakini maziwa yaliongezeka, na mwanamume wa kwetu maziwa yakiongezeka hunyamaza.

Shuleni aliletwa mwalimu kijana, mgeni wa mkoa huu. Nilimfuata nikamweleza maneno ya nesi. Akamweka binti karibu na mlango, akampa kazi ya kufuta ubao na kukusanya madaftari ili apate kuinuka bila kosa. Akatulia, si kama wenzake, lakini akatulia. Siku moja nikiwa kwenye cherehani nikamsikia nyuma yangu anasoma maandishi ya mfuko wa unga, herufi kwa herufi, anakwama, anarudi, anasoma. Niliacha kushona nikalia. Mwalimu mkuu yule yule akaniita tena, akaniambia kwamba mtoto akienda hivi, darasa la nne atavuka.

Wakati huo ndipo kijana wangu akataka kuoa. Nilifurahi, kwa nini nisifurahi? Binti aliyempenda alitoka mji wa watu wenye heshima, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka kwetu, ng'ambo ya machimbo. Mazungumzo yakaenda vizuri. Na kwetu mazungumzo yakiiva, upande wa binti hutuma wazee waje zizini kwa mwoaji kuangalia ng'ombe. Wakimnyooshea ng'ombe kidole, huyo ni wao. Kukataa ni kuvunja ndoa.

Sasa niambieni, ni ng'ombe gani zizini kwetu aliyekuwa na afya kumzidi yule mwekundu? Alikamuliwa saa ile ile kila siku, alinyweshwa saa ile ile, alikunwa mgongo, kupe walitolewa mmoja mmoja na vidole vya mtoto. Utaratibu niliomjengea mwanangu ulikuwa umemnenepesha ng'ombe. Mzee wao alimzunguka, akampiga kofi la ubavuni, ng'ombe hata mkia hakutingisha. "Huyu na ndama wake," akasema. "Wengine tutachagua baadaye."

Nilikuwa jikoni. Mwanamke wa kwetu haongelei ng'ombe mbele ya wakwe, hilo linajulikana hata na mtoto. Nilitoka na mwiko mkononi. Nikawaamkia wazee shikamoo, nikasema, "Wazee wangu, chukueni wote waliomo, huyo mwekundu niachieni. Mtoto wangu anasoma kwa sababu ya huyo."

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, na hicho ndicho kilichoniuma zaidi. "Mama, ng'ombe anasomesha akiuzwa," mmoja akasema, wakacheka tena. Mume wangu alinitazama kwa macho ambayo nilijua nitayalipia. Nilimtazama kijana wangu. Yeye anampenda dada yake kweli. Ndiye aliyemfundisha kushika chuchu ya ng'ombe bila kuiumiza. Aliangalia viatu vyake.

Wageni walipoondoka mume wangu akaniuliza, "Ulitaka niwaambie watu nini? Kwamba mahari imezuiliwa na mtoto mwenye kichwa kibovu? Tangu lini mtoto wa kike akawa na ng'ombe?"

"Kichwa kibovu ni chako," nikamjibu. Nikapata nilichopata. Kijana wangu alinifuata nyuma ya nyumba nikijikanda shavu kwa maji. "Mama, ningefanyaje?" Nikaendelea kujikanda. Mke wake ni binti mzuri, sina neno naye.

Waliwaswaga ng'ombe mtoto akiwa shule. Huo ulikuwa mpango wa baba yake, kukwepa kelele. Nilikaa mlangoni nikimsubiri, nimejiandaa kwa kelele hizo. Akaja, akavua sare kabla ya kizingiti, akachota maji ndoo nusu, akaenda zizini. Nikamsikia ametua ndoo. Nilipofika alikuwa amesimama tu, mikono imening'inia, anaangalia mahali pale. Hakulia. Nilimweleza alikokwenda, kwa nini, kwa nani. Nilieleza kwa maneno mengi mno, na nilijua ni mengi mno, lakini sikuweza kunyamaza. Akaniuliza kitu kimoja tu, huko anakamuliwa na nani.

Kesho yake aliamka, akachukua kibuyu, akaingia zizini, akatoka. Nikasema "miguu." Akaniangalia kama mtu anayesikia lugha ya kigeni. Miguu ilikuwa inafuata kukamua. Kukamua hakupo, miguu itatoka wapi? Nikamletea ng'ombe mwingine, mwenye mateke, akamwangusha akamwaga na kibuyu. Nikajaribu mbuzi. Nikajaribu kuanzia kwenye uji, kwenye kuwasha moto, kwenye kufagia uwanja. Alifagia nusu akaacha ufagio katikati. Shuleni akaanza kutoka nje tena. Yule mwalimu kijana alijitahidi, Mungu ambariki, lakini mtoto hakukaa hata muda wa kufuta ubao.

Halafu asubuhi moja alitoka na sare yake na shuleni hakufika. Tulipiga yowe, watu wakatoka. Na kwetu ukimtafuta mtoto, mahali pa kwanza unapochungulia ni mashimo, maana wachimbaji wadogo wakikosa dhahabu huhama, shimo wanaliacha wazi, mvua inalijaza maji mekundu. Niliita jina la mwanangu juu ya kila shimo. Kila lililonyamaza nilipiga magoti pembeni yake na kuangalia chini. Siwezi kueleza zaidi ya hapo.

Alikuwa kwa wakwe. Alikatiza machimbo peke yake, akaingia mji wa watu bila kuamkia mtu, akaenda moja kwa moja zizini. Walimkuta ameegemeza paji la uso tumboni kwa ng'ombe. Baba yake alimrudisha akamchapa. Akaenda tena. Baba yake akamfunga kamba kwenye nguzo ya jikoni, kamba ya ndama. Mimi nikaikata kwa panga, nikamwambia mume wangu kwamba kamba nyingine ikifungwa kwenye mwili wa mwanangu, panga sitalielekeza kwenye kamba. Alijua sitanii. Lakini nilipomfungua, mtoto alienda tena.

Safari ya tatu alirudishwa na mchimbaji mmoja, kijana tu, nguo zimeganda tope. Mwanangu naye alikuwa na tope mpaka kifuani, na kandambili moja. Alikuwa ameteleza kwenye ukingo wa shimo. Yule kijana alisikia kitu kikianguka majini, akadhani ni mbwa, akaja kuangalia. Alinisimulia huku akikataa kunywa hata maji niliyompa. "Mama, huyu mtoto mfunge," akaniambia. "Au mwache huko anakokwenda. Lakini njia hii asipite tena."

Nilikaa na hilo neno. Nesi angesema nini? Mwalimu angesema nini? Wote walikuwa wameshasema yao. Nyumbani kulikuwa na mimi, na shule, na njia inayopita mashimoni. Kwa wakwe kulikuwa na ng'ombe. Wakwe wenyewe walishaleta ujumbe kwa kijana wangu: mwacheni huyu mtoto akae kwetu, hatusumbui, kwanza anatusaidia. Mume wangu alikuwa amekubali zamani. Alisema ni karibu kuliko Robanda, nataka nini tena? Waliokuwa wanasubiri jibu walikuwa wananisubiri mimi, na jibu langu ndilo lililompeleka. Nilimfungashia nguo, na sare nikaiweka ndani, na njiani nilimshika mkono mpaka tukapita shimo la mwisho.

Niliwaomba wamwandikishe shule ya kule. Wakamwandikisha. Alikwenda, akatoka nje, hakuna aliyemfuata, hakurudi. Mtihani wa darasa la nne wenzake waliufanya. Siku ile nilishona tangu asubuhi, sikuinua kichwa.

Huwa nakwenda kumwona. Mkwe mwenzangu, mama wa yule bibi harusi, ananipokea vizuri, ananipikia. Mara ya kwanza aliniuliza kwa mshangao wa kweli, "Huyu ndiye mliyekuwa mnasema mgonjwa? Mbona hatujamfundisha chochote? Anaamka mwenyewe, anakamua, ananawa miguu, anakunywa uji, anatoa ng'ombe. Hata ukimwambia aanze na kingine hataki." Nikamwambia ni kweli, ndivyo alivyo. Mume wake, mzee yule wa kidole, akatania kwamba mtoto ana mkono wa ng'ombe, akikua wasihangaike kumtafutia mbali, vijana wapo hapa hapa. "Mzee," nikamwambia, "huyo ni mtoto. Hilo neno limeze." Alicheka akaomba radhi. Lakini amelisema, na mimi nimelisikia, na miaka inakwenda.

Safari iliyopita sikwenda kumwona. Nilikwenda kumchukua. Nilikuwa nimejipanga njia nzima: nitamshika mkono, nitazunguka kwa barabara kubwa hata kama ni mbali, nitamfungia ndani na mimi nikiwemo, tutaanza upya na kitu kingine, chochote, tutakipata. Nilimkuta anatoka mtoni na ng'ombe. Amekuwa mrefu. Aliniamkia shikamoo kama anavyomwamkia mgeni yeyote anayefika jua likishuka, hakusimama. Nikamfuata mpaka zizini nikimweleza, twende nyumbani, mwalimu wako bado anakuulizia, nimekushonea sare nyingine. Alimfunga ndama pembeni. Akachukua kibuyu. Nilikuwa nimeziba mlango na mwili wangu wote.

"Mama, pisha," akasema. "Muda wa kukamua."

Nikapisha.